Kozi ya Siku Chache au Masomo ya Miezi: Namna ya Kuchagua Mafunzo ya Udereva

Msimu wa korosho ukiisha na malipo ya mnadani yakishawafikia wakulima, kaya nyingi za Kibiti hukaa kupanga matumizi. Mabati na mahitaji ya shule hutangulia. Baada ya hayo, mara kwa mara, huja shauri la kumpeleka kijana wa nyumbani akajifunze udereva.

Shauri hilo lina sababu. Barabara ya Kilwa inapita Jaribu Mpakani, Bungu na Kibiti mjini, kisha Ikwiriri, kabla ya kuvuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, na malori hayakosekani humo usiku wala mchana. Kibiti inachepuka barabara ya Mloka, iendayo upande wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Bungu inachepuka ile ya Nyamisati, bandari wanayoshukia na kupandia abiria wa Mafia. Kote huko kazi ya usukani ipo. Aidha, vipo vikundi vya vijana vinavyoomba mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Baadhi huomba fedha za bodaboda au bajaji, na chombo cha namna hiyo hakistahili kuingia barabarani mikononi mwa mtu asiye na leseni.

Hapo ndipo linapozuka swali lenye gharama. Zipo kozi za mfululizo, ambazo mwanafunzi huhudhuria kila siku na kumaliza kwa wiki moja au mbili. Yapo pia masomo ya vipindi, ambayo mwanafunzi huhudhuria mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi miwili au mitatu, huku akiendelea na shughuli zake. Ni lipi la kuchagua? Wengi huamua kwa kutazama ada na idadi ya siku. Vipimo hivyo viwili, kila kimoja kikitazamwa peke yake, humpotosha mtu.

Kuhesabu saa za usukani

Matangazo ya kozi hutaja siku. Jambo la kutazamwa kwanza ni saa ambazo mwanafunzi mwenyewe ataketi nyuma ya usukani, gari likitembea.

Ichukuliwe kozi ya wiki mbili yenye siku 12 za masomo. Gari hutoka kwa saa mbili kila siku, nalo limebeba wanafunzi wanne wanaopokezana. Kila mmoja huendesha nusu saa kwa siku, yaani saa 6 hadi kozi inakwisha. Muda uliobaki ameketi kiti cha nyuma akitazama wenzake. Kutazama kuna faida yake, hasa kwa anayeanza, lakini mguu haujifunzi klachi kwa kutazama mguu wa mwingine.

Sasa ichukuliwe shule inayotoa saa moja kwa kila mwanafunzi, mara tatu kwa wiki, kwa wiki nane. Hizo ni saa 24. Mwanafunzi wa kwanza atasema amesoma kila siku kwa wiki mbili mfululizo. Wa pili atasema alikwenda siku chache tu za wiki. Ukweli ni kwamba wa pili ameendesha mara nne zaidi ya wa kwanza.

Hesabu inaweza pia kugeuka. Ikiwa kozi ya mfululizo inampa mwanafunzi gari peke yake kwa saa mbili kila siku, siku 12 zitampa saa 24 zile zile. Kwa hiyo mzazi au mlezi anayekwenda kuuliza shuleni asiishie kwenye ada. Aulize wanafunzi wangapi wanapanda gari moja, kila mmoja anaendesha kwa muda gani, na ni saa ngapi kwa jumla hadi siku ya mwisho. Kisha agawanye ada kwa idadi ya saa hizo. Mara nyingi ada iliyoonekana ndogo hugeuka kuwa kubwa kuliko nyingine. Shule inayoshindwa kujibu swali la saa imekwisha kujieleza.

Kama kipimo cha mbali, mamlaka ya mitihani ya udereva ya Uingereza hukadiria kwamba dereva mpya wa huko hufika kwenye mtihani baada ya wastani wa saa 45 na mwalimu na saa nyingine 22 za mazoezi na ndugu au rafiki. Mazingira hayo si ya Kibiti, ambako ni familia chache zenye gari la kufanyia mazoezi. Hata hivyo, tofauti kati ya 45 na 6 haiwezi kuelezwa na mazingira peke yake.

Saa zikilingana

Tuseme saa zimelingana: 24 kwa kozi ya mfululizo na 24 kwa masomo ya vipindi. Je, matokeo yatakuwa sawa?

Jibu lenye mashiko limetoka mahali pasipotarajiwa, nalo ni posta. Idara ya Posta ya Uingereza ilihitaji kuwafundisha wafanyakazi wake kupiga chapa ili waweze kutumia mitambo ya kupanga barua. Watafiti Alan Baddeley na D. J. A. Longman waliwagawa katika makundi manne na kuchapisha matokeo mwaka 1978. Kundi moja lilijifunza saa moja kwa siku. Kundi lililosongwa zaidi lilijifunza saa nne kwa siku, katika vipindi viwili vya saa mbili mbili. Kundi la saa moja liliweza kuijua mashine kwa takriban saa 35 za kujifunza. Lile la saa nne lilihitaji takriban saa 50. Kwa maneno mengine, kila saa ya wale waliokwenda polepole ilizaa zaidi.

Utafiti huo una upande mwingine ambao husahauliwa. Kundi la saa moja kwa siku, ingawa lilitumia saa chache, lilichukua siku nyingi zaidi kufika, na ndilo ambalo halikuridhika na ratiba yake. Mtu anayejifunza kwa mfululizo huona anasonga mbele upesi, naye hufurahi. Furaha hiyo si kipimo cha alichokihifadhi.

Kupiga chapa si kuendesha gari, lakini kazi zote mbili hutaka viungo vifuate jicho bila kusubiri kufikiri. Anayeanza gari lenye gia za mkono hulazimika kuwaza kila kitu kwa wakati mmoja: klachi, gia, kioo, indiketa, mtoto aliyesimama kando ya barabara. Katika saa ya kwanza hujitahidi. Katika saa ya tatu ya siku hiyo hiyo mguu hutetemeka, macho huganda mbele ya boneti, na makosa aliyokwisha kuyaacha hurudi. Akilala usiku na kurudi kesho, au kesho kutwa, mara nyingi huweza jambo lililomshinda jana bila kujua limewezekanaje.

Watu wa delta wanalifahamu jambo hili kwa njia nyingine. Neno lenyewe usukani lilikuwa la chombo cha majini kabla ya kupelekwa kwenye gari. Mtoto wa Msala au Pombwe hafundishwi kuongoza mtumbwi kwa kozi ya wiki mbili. Huanza kwa kukaa kati na kuyakumba maji, kisha hupewa kafi, kisha pondo kwenye maji mafupi, na baada ya muda mrefu ndipo anaposhikishwa chombo akipite kijito maji yakiwa yanapwa. Kila safari humkuta na maji ya namna nyingine, upepo mwingine, fungu lililohama. Nahodha hutengenezwa na safari hizo na siku za mapumziko zilizo katikati yake.

Pale vipindi vinapokosea

Isidhaniwe kutokana na hayo kwamba masomo ya vipindi ni bora kwa kila mtu. Yana udhaifu wake, na huo wa kwanza ni nafasi kuwa ndefu kupita kiasi. Mwanafunzi anayeendesha saa moja kila baada ya wiki mbili hutumia nusu ya saa hiyo kukumbuka alipoishia. Analipia marudio. Nafasi ya siku mbili au tatu huimarisha. Nafasi ya wiki tatu hubomoa.

Udhaifu wa pili ni kalenda ya shamba. Anayeanza masomo ya miezi mitatu wakati wa kupalilia au kuvuna ufuta atakosa vipindi, na kila kipindi anachokosa hurefusha nafasi iliyotajwa hapo juu.

Wa tatu ni sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, anayejifunza lazima awe na leseni ya kujifunzia, gari libebe alama ya L, na mwalimu au dereva mwenye leseni awe ameketi kando yake. Leseni hiyo ya kujifunzia ni ya miezi mitatu. Anayepanga masomo ya vipindi ahesabu kuanzia tarehe iliyoandikwa humo, si tarehe aliyoanza masomo. Kijana aliyechukua leseni ya kujifunzia mwanzoni mwa mwezi na kuanza kuendesha baada ya wiki tano amejinyang'anya mwenyewe zaidi ya theluthi ya muda wake.

Mkazi wa Kibiti mjini, Bungu au Jaribu Mpakani, ambaye anaweza kufika kwenye gari la mafunzo kwa nauli ndogo na kurudi dukani au shambani siku ile ile, ndiye anayefaidi zaidi masomo ya vipindi, ilimradi yawe mara mbili au tatu kwa wiki. Vivyo hivyo mtu mzima anayejifunza akiwa na hofu, na mama mwenye watoto wadogo asiyeweza kulala nje ya nyumba yake. Kwa upande mwingine, dereva wa bodaboda aliyekwisha zoea alama, vioo na mwendo wa magari mengine anaweza kustahimili kozi ya mfululizo vizuri kuliko anayeshika usukani kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, bodaboda huleta mazoea yake: kujipenyeza, kuchepuka ghafla, kutozingatia urefu wa chombo. Mwalimu mzuri hutumia siku za kwanza kuyavunja hayo.

Anayetoka visiwani

Suala gumu kuliko yote ni la mkazi wa visiwa vya delta. Kijana wa Kiomboni hawezi kuhudhuria kipindi cha saa moja kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kwanza lazima apate chombo cha kumfikisha Nyamisati, na chombo hakifuati saa ya shule bali maji. Wakati wa bamvua maji hujaa sana na kupwa sana, njia nyingine zikabaki matope kwa saa kadhaa. Saa ya kujaa nayo husogea kila siku. Akifika Nyamisati anayo bado safari ya barabara hadi Bungu, na ya kwenda Kibiti. Kwa mtu huyu nauli ya kipindi kimoja huweza kuizidi thamani ya kipindi chenyewe.

Kwa sababu hiyo, watu wa delta huiona kozi ya mfululizo kuwa njia pekee. Huenda Kibiti au Dar es Salaam, hukaa kwa ndugu wiki mbili, hurudi. Si uamuzi mbaya, lakini ipo njia ya tatu ambayo haitangazwi: kuigawa kozi hiyo sehemu mbili.

Mpango wake ni rahisi. Kwanza, alama za barabarani, haki ya kupita na sheria za mwendo husomwa nyumbani, kabla ya kulipa chochote. Sehemu hiyo haihitaji gari. Inahitaji kitabu na mtu wa kumuuliza maswali jioni. Atakayefika shuleni akiwa anazijua alama zote ataokoa siku ambazo angeketi darasani, na siku hizo azidai ziwe za usukani. Pili, aombe leseni ya kujifunzia anapokaribia kusafiri. Tatu, akae Kibiti wiki moja, akiendesha saa moja asubuhi na nyingine jioni badala ya mbili kwa mkupuo. Nne, arudi nyumbani kwa siku kumi au wiki mbili, akipanga safari kwa kuangalia mwezi, kisha arudi kwa wiki ya pili, na mwisho wa wiki hiyo afanye mtihani. Saa ni zile zile na siku za kulala ugenini ni zile zile. Kinachoongezeka ni nauli ya safari moja ya kwenda na kurudi. Anachokipata ni pumziko la katikati, ambalo ndilo lililowafaa wale wa posta.

Ugumu wake ni kwamba shule lazima ikubali, na makubaliano hayo yaandikwe kwenye stakabadhi kabla ya malipo: wiki mbili zilizogawanywa, idadi ya saa, tarehe za kurudi. Ahadi ya mdomo husahaulika mwanafunzi akishapanda chombo. Ni vyema pia kulipa kwa awamu mbili.

Mtihani na barabara

Mafunzo yakikamilika, mwanafunzi hupimwa na askari wa usalama barabarani, na akifaulu hupewa cheti cha umahiri. Hukipeleka Mamlaka ya Mapato, TRA, pamoja na namba yake ya mlipakodi, hulipa ada na kuchukuliwa alama za vidole na picha. Cheti cha shule ya udereva peke yake hakimruhusu mtu kuendesha gari. Mtu yeyote anayeahidi kozi ya siku tatu "pamoja na leseni", bila mtihani, anauza kitu kisichokuwa chake. Mnunuzi atakuja kukigharimia mbele ya askari, au mbele ya lori.

Yapo mambo ambayo hata mtihani uliofanywa kwa haki hauyapimi. Anayejifunza kwa siku 12 za Agosti hajui barabara ya udongo inavyokuwa Aprili, masika yanapopamba moto, gari likaanza kuteleza likiwa linakwenda polepole. Hajawahi kuwashiwa taa kali na lori usiku. Anayesoma kwa vipindi vya miezi mitatu ana nafasi ya kukutana na baadhi ya hayo akiwa bado na mwalimu kando yake. Mwanafunzi wa kozi ya mfululizo ajiombee walau kipindi kimoja cha jioni baada ya jua kuzama, na kingine kwenye njia ya vumbi au mchanga nje ya lami. Apitishwe pia vijijini, ambako mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa, saa ambayo wanafunzi wa shule ya msingi wanatoka na kuvuka. Akijua kwamba kazi yake itakuwa Dar es Salaam, ajue mapema kwamba Mbagala kuna taa, kipilefti na njia za mabasi yaendayo haraka ambazo magari mengine hayaruhusiwi kuzipita, na hakuna moja kati ya hayo atakaloliona Kibiti.

Leseni nayo ina madaraja. Pikipiki ziko katika kundi la A, na bajaji ina daraja lake ndani ya kundi hilo. Daraja B ni la magari madogo ya binafsi. Kikundi kinachokopa bajaji kisimpeleke kijana akarudi na daraja B, kwa sababu daraja hilo haliruhusu bajaji. Kwa magari ya abiria, sheria hudai dereva awe kwanza ameshika leseni ya daraja linalotangulia kwa miaka isiyopungua mitatu, kisha yapo mafunzo na uthibitisho mwingine, ambao sasa unasimamiwa na LATRA. Hakuna kozi ya mfululizo inayofupisha miaka hiyo. Kijana anayeahidiwa basi baada ya wiki mbili ameahidiwa uongo.

Kwa vikundi vya mikopo lipo jambo moja zaidi la kupanga. Kikundi chenye watu watano na bajaji moja hakina haja ya kuwapeleka wote kwa pamoja kwenye gari moja la mafunzo, ambako kila mmoja ataambulia dakika chache. Wawili watangulie, wamalize saa zao kwa ukamilifu, wapate leseni na waanze kuingiza kipato. Wengine wafuate kwa zamu, na kila mmoja aanze kusoma alama nyumbani tangu siku ambayo ombi la mkopo linapelekwa kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.